Mvua Inapopenya Mlangoni: Uvujaji wa Maji katika Magari ya Spoti Yaliyozeeka

Mvua inaponyesha, sehemu ya maji yanayotiririka kwenye kioo cha pembeni huzama ndani ya mlango wa gari. Hilo si hitilafu. Kioo hupanda na kushuka kupitia mwanya mwembamba, na raba inayokikwangua kwa nje hupunguza tu maji yanayopita, haiyazuii yote. Yale yanayopita hushuka kati ya bati la nje na bati la ndani, hufika chini, kisha hutoka kwa matundu madogo yaliyoachwa kwenye ukingo wa chini wa mlango. Gari likiwa jipya, maji hupita njia hiyo kila siku ya mvua bila mwenye gari kujua. Likizeeka, maji hayohayo hupotea njia na kuishia kwenye kapeti.

Wengi hawalijui jambo hili, na kutolijua kumeharibu magari mengi. Mwenye gari akikuta kapeti imelowa hutazama kwanza ile raba nene inayozunguka mlango, kwa kuwa ndiyo inayoonekana. Fundi asiye na subira huizungushia silikoni, na mvua inayofuata maji yanarudi palepale. Raba huweza kuwa na kosa, lakini katika magari ya spoti ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkosaji mkubwa hujificha nyuma ya kava la ndani la mlango: ni utando wa kuzuia maji, ambao gundi yake imekauka na kuachia.

Gari la spoti huteswa na tatizo hili kuliko gari la kawaida kwa sababu kadhaa. Kwa kawaida lina milango miwili tu, hivyo kila mlango ni mrefu na mzito, na bawaba zake hulegea mapema. Mengi hayana fremu ya chuma kuzunguka kioo: kioo chenyewe ndicho kinachokwenda kubana kwenye raba ya paa na ya nguzo ya mbele, na milimita mbili tu za kuhama kwake zinatosha kuacha upenyo. Mengine yana paa la turubai linalofunguka, na turubai hulegea au kujivuta kadiri miaka inavyokwenda. Zaidi ya hayo, gari likienda kasi, msukumo wa hewa nje ya kioo hupungua kuliko ulivyo ndani. Kioo kisicho na fremu huvutwa nje kidogo, na upenyo ambao haukuwepo gari likiwa limesimama huonekana barabarani. Kabla ya maji kuingia, mara nyingi dereva huwa ameshaanza kusikia hewa ikipiga mluzi karibu na sikio lake.

Mifano miwili inatosha kuonyesha mambo haya. Wa kwanza ni Mazda MX-5, gari dogo la Kijapani lenye viti viwili lililoanza kuuzwa mwaka 1989. Wa pili ni Porsche Boxster ya kizazi cha kwanza, aina ya 986, iliyoundwa kuanzia mwaka 1996 hadi 2004 katika mji wa Stuttgart, Ujerumani, na pia Uusikaupunki, Finland. Ndugu yake ni Porsche 911 ya aina ya 996, ambayo imeshirikiana nayo sehemu kubwa ya mwili wa mbele. MX-5 za miaka ya mwanzo na Porsche hizi zimetimiza miaka kama ishirini au zaidi, na umri huo ndio hasa ambao vitu laini vya gari, yaani raba, gundi na sponji, huanza kukata tamaa wakati bati na injini bado vina nguvu.

Ili kuelewa matengenezo, ni lazima mlango uelezwe tabaka kwa tabaka. Nje kabisa kuna bati lililopakwa rangi. Nyuma yake kuna nafasi tupu ambamo kioo hushukia, pamoja na mashine ya kukipandisha, kitasa na nyaya. Baada ya nafasi hiyo huja bati la ndani, nalo limejaa matundu makubwa, kwa sababu bila matundu hayo fundi asingeweza kuingiza mkono kutengeneza mashine ya kioo. Mwisho huja kava linaloonekana na abiria, lenye mfuko wa kuwekea vitu, spika na swichi. Kati ya bati la ndani lenye matundu na kava hilo ndipo unapobandikwa utando. Kwenye magari mengi ni karatasi ya nailoni. Kwenye Boxster ni sponji jembamba lisilopitisha maji ambalo pia hupunguza kelele. Utando huo ndio mpaka halisi kati ya upande wa maji na upande wa watu.

Ubandikaji wake hufuata kanuni ileile ya kuezeka kwa makuti: kinachotoka juu lazima kilalie kilicho chini, ili tone lisipate nafasi ya kuingia ndani. Ndiyo maana ukingo wa chini wa utando katika magari mengi huelekezwa ndani ya mlango, ukapita kwenye mwanya wa bati. Tone likishuka kwenye uso wa utando linaanguka upande wa matundu ya kutolea maji. Ukingo huo ukichomoka na kuning'inia nje ya bati, kila tone huelekezwa kwenye kava, na kutoka hapo hufika kwenye kizingiti na kapeti.

Gundi inayoshika utando kwa kawaida ni ya butili. Butili ni raba ya kutengenezwa iliyobuniwa mwaka 1937 na wanakemia wawili wa kampuni ya Standard Oil ya New Jersey, Marekani: William Sparks na Robert Thomas. Sifa yake kuu ni kutopitisha hewa wala maji, ndiyo sababu imetumika kwa miaka mingi kutengenezea mipira ya ndani ya matairi. Kwenye mlango wa gari ina faida nyingine: haigandi. Hubaki ikinata kama ulimbo, hivyo utando unaweza kubanduliwa na kurudishwa fundi anapotaka kufikia mashine ya kioo. Lakini kunata huko kuna kikomo. Vumbi likiingia, gundi hupoteza nguvu. Joto la mlango ulioachwa juani hulainisha butili hadi utando unateleza kwa uzito wake wenyewe. Na miaka ikipita, sehemu zilizo wazi hukauka na kuwa ngumu, zikaachia bati.

Sababu ya kawaida kuliko zote, hata hivyo, ni mkono wa binadamu. Mashine za kioo za Boxster zina sifa mbaya ya kuharibika, na kila inapobadilishwa mashine, utando hubanduliwa. Fundi aliyebadilisha mashine miaka kumi iliyopita huenda aliubandika tena kwa vidole viwili na kuharakisha kufunga kava. Magari yaliyowahi kufungwa spika kubwa ni mabaya zaidi, kwani mara nyingi utando huwa umekatwa kwa kisu kuipisha spika, na kipande kilichokatwa kimetupwa. Hili linahusu pia magari ya kawaida yaliyotumika yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam kutoka Japani na Uingereza: Toyota ya milango minne ina utando uleule nyuma ya kava lake, na fundi wa redio asiyejua kazi ya utando huo huuona kama nailoni ya kufungia bidhaa iliyosahaulika kiwandani. Dalili hujitokeza masika yanapofika.

Kabla ya kufungua chochote, ni lazima kuhakikisha kwamba maji yanatoka mlangoni kweli. Kapeti iliyolowa haitaji chanzo chake, kwa kuwa maji husafiri chini ya sponji na kukusanyika mahali pa chini kabisa. Kazi huanza kwa kuinua kapeti na kuipapasa kwa mkono. Unyevu ulio mkali pembeni, karibu na kizingiti, ukipungua kuelekea katikati ya gari, huelekeza shaka kwenye mlango. Unyevu unaoanzia juu, chini ya dashibodi, huelekeza kwenye kioo cha mbele au mifereji iliyo mbele yake. Unyevu ulio nyuma ya viti, katika gari lenye paa la turubai, huelekeza kwenye mifereji ya paa. Mifereji hiyo, katika Boxster na MX-5 pia, hupokea maji ya turubai na kuyashusha chini ya gari. Ikizibwa na majani na vumbi, maji hufurika na kuingia ndani. Watu wengi wamevunja milango yao bure wakati kilichohitajika ni kuzibua mfereji mmoja.

Kuna maji mengine ambayo si ya mvua kabisa. Kiyoyozi hutoa maji kikifanya kazi, na mpira wake wa kutolea ukiziba, maji hayo humwagika miguuni mwa abiria hata siku ya jua. Maji ya rejeta yakivuja kwenye kipasha joto cha ndani huacha harufu tamutamu na ukungu wenye mafuta kwenye kioo cha mbele. Anayeona kapeti iliyokuwa kavu kabisa imelowa wiki ambayo mvua haijanyesha ana jibu lake, na mlango hauhusiki.

Jaribio la kuaminika ni la watu wawili, mpira wa maji na tochi. Mmoja hukaa ndani, milango ikiwa imefungwa na kapeti imeinuliwa. Mwingine humwaga maji taratibu, bila presha, akianzia chini ya mlango na kupanda juu kidogo kidogo, akikaa dakika kadhaa kila hatua. Kuanzia chini ni muhimu. Akianzia juu, maji yatalowesha kila kitu kwa pamoja na hakuna atakayejua yalipopenyea. Mashine ya presha ya kuoshea magari haifai kwa kazi hii, maana husukuma maji hata kwenye raba nzima na kuleta uvujaji ambao mvua isingeuleta kamwe. Kinachotafutwa ni kama mvua: maji mengi, yanayoshuka kwa uzito wake.

Matokeo yake husomeka hivi. Maji yakionekana yakitambaa upande wa ndani wa kioo au yakidondoka kutoka pembe ya juu, kosa liko kwenye raba ya paa au mpangilio wa kioo. Yakionekana kwenye raba ya mlango yenyewe, raba imechoka au mlango haukai sawa. Lakini kama raba zote ni kavu, kioo ni kikavu kwa ndani, na maji yanachuruzika kutoka ukingo wa chini wa kava la mlango juu ya kizingiti, basi utando umeachia. Hili la mwisho ndilo linaloonekana mara nyingi, na mtu akilala sakafuni na tochi huweza kuyaona matone yakijipanga chini ya kava moja baada ya jingine.

Matundu ya kutolea maji ndiyo yanayopaswa kushughulikiwa kwanza, kwa kuwa hayagharimu chochote. Yapo kwenye ukingo wa chini wa mlango, mengine yamefichwa nyuma ya vipande vya raba. Tope, majani na mabaki ya nta ya kuzuia kutu huyaziba. Yakizibwa, mlango hujaa maji kama ndoo, na gari likipita kwenye bonde maji husikika yakicheza ndani ya mlango. Maji yakipanda hadi kimo cha utando, hata gundi nzuri hushindwa. Kijiti cha mti au cha plastiki kinafaa kuyazibua. Waya wa chuma hukwaruza rangi ndani ya tundu na kukaribisha kutu. Baada ya kuzibua, maji yakimwagwa juu ya kioo yanapaswa kuonekana yakitoka chini baada ya muda mfupi. Yasipotoka, bado kuna uchafu.

Raba za nje zina uchunguzi wake. Nyingi kati yake hutengenezwa kwa raba iitwayo EPDM, inayostahimili jua na hewa vizuri kuliko raba ya asili. Tatizo lake si kupasuka bali kulala: ikibanwa kwa miaka mingi husahau umbo lake la mviringo na kubaki bapa, na mlango ukifungwa haijazi tena nafasi. Kipimo rahisi ni karatasi. Kipande cha karatasi huwekwa juu ya raba, mlango hufungwa, kisha karatasi huvutwa. Ikitoka kwa shida, raba inabana. Ikichomoka bila kuhisi kitu, hapo pana upenyo. Karatasi ihamishwe kila sentimita kumi kuzunguka mlango wote. Kipimo kingine ni unga wa chaki uliopakwa kwenye raba: mlango ukifungwa na kufunguliwa, alama ya chaki kwenye bati inapaswa kuwa mstari usiokatika.

Raba iliyochafuka tu huoshwa kwa maji ya sabuni na kukaushwa. Iliyokauka kidogo hupakwa grisi ya silikoni, ambayo huilainisha bila kuidhuru. Mafuta ya injini, grisi ya kawaida na mafuta ya kujipaka ya petroli visitumike, kwa sababu EPDM huvinyonya, ikavimba na kulegea. Iliyolala kabisa haina dawa. Baadhi ya mafundi huingiza kamba au mpira mwembamba ndani ya raba yenye uwazi ili kuiinua, na mbinu hiyo husaidia kwa muda, lakini huufanya mlango uwe mgumu kufunga na huzisukuma bawaba. Raba mpya ndiyo suluhisho, na hapa ubahili haulipi: raba ya kukata kwa mita, isiyotengenezwa kwa gari husika, hukosa pembe zilizofinyangwa, na maji hupenya palepale kwenye pembe.

Kioo kisicho na fremu hudai uvumilivu zaidi. Kina marekebisho matatu: urefu wa kupanda, kuegemea ndani au nje, na kusogea mbele au nyuma. Skrubu za marekebisho hayo hupatikana ndani ya mlango au kwenye ukingo wake wa chini. Mwenye MX-5 ambaye kioo chake kinaingiza maji kwenye pembe ya juu ya mbele kwa kawaida huhitaji kukiegemeza ndani kidogo, si kununua raba. Kirekebishwe kwa robo ya mzunguko wa skrubu kwa wakati mmoja, na kipimo cha karatasi kirudiwe. Kioo kilichoegemezwa kupita kiasi hugonga raba mlango unapofungwa, huikunja, na mwishowe huirarua.

Boxster na 996 zina jambo la ziada. Mtu akivuta mkono wa mlango, kioo hushuka kiasi cha sentimita moja kabla mlango haujafunguka, na mlango ukishafungwa hupanda tena na kujichomeka chini ya raba ya paa. Kazi hiyo huongozwa na swichi ndogo zilizo ndani ya kitasa na mkono wa mlango. Swichi hizo zikifa, kioo hubaki chini kwa sentimita hiyo moja, na mvua huingia moja kwa moja juu yake huku mwenye gari akilaumu raba. Vivyo hivyo betri ikichomolewa, gari husahau mwisho wa safari ya kioo. Baada ya kuirudisha, swichi ya kupandisha hushikiliwa hadi kioo kifike juu, kisha hubonyezwa tena ili kumbukumbu irejee.

Mlango ulioshuka kwa kuchoka kwa bawaba hujulikana kwa kuutazama kutoka pembeni: mstari kati yake na mwili wa gari huwa mwembamba upande mmoja na mpana upande mwingine, na mlango ukifunguliwa huinuka kidogo ukisukumwa juu kwa mkono. Bawaba zirekebishwe kabla ya raba na kioo, kwa maana kila kipimo kingine hutegemea mlango kukaa mahali pake.

Ukifika utando, kazi inakuwa ya utulivu. Katika magari yenye mifuko ya hewa ndani ya milango, kama Boxster na 996 nyingi, usalama huja kwanza. Betri huchomolewa na kuachwa kwa dakika kadhaa ili umeme uliobaki ndani ya mfumo uishe, na gari lisiwashwe kamwe mfuko ukiwa umechomolewa waya wake. Likiwashwa hivyo, taa ya onyo huwaka na kubaki inawaka hadi ifutwe kwa kifaa maalumu cha uchunguzi. Mfuko ukishatolewa huwekwa mbali, upande wa kufunukia ukitazama juu. Asiyejiamini kwa hatua hii na alipeleke gari kwa fundi anayeifahamu. Hakuna kapeti inayostahili jicho la mtu.

Kava hushikwa na skrubu zilizofichwa nyuma ya vifuniko vidogo, kwenye shimo la mkono na karibu na spika, pamoja na klipu za plastiki pembeni. Klipu za gari la miaka ishirini hukatika kwa urahisi, hivyo ni busara kuwa na mpya mkononi kabla ya kuanza. Kava lisivutwe kwa nguvu kabla skrubu zote hazijapatikana. Likitoka, nyaya za swichi na kebo ya kitasa hutenganishwa taratibu.

Hapo utando huonekana, na mara nyingi hadithi nzima ya uvujaji imeandikwa juu yake: mistari ya vumbi ambako maji yamekuwa yakipita, ukingo wa chini umekunjamana, kutu nyepesi kwenye bati. Kama bado ni mzima, hubanduliwa polepole kwa kisu butu, na butili ya zamani hukunjwa kwa vidole mpaka iondoke. Bonge la butili la zamani likigandamizwa juu ya mabaki huyanyanyua vizuri kuliko kitambaa. Yanayobaki husuguliwa kwa spiriti, na bati huachwa likauke kabisa. Hatua hii huchosha, na ndiyo inayorukwa. Lakini gundi mpya juu ya gundi ya zamani yenye vumbi haitadumu hata msimu mmoja wa mvua.

Utando uliochanika huweza kuzibwa kwa mkanda wa butili kama upasuko ni mdogo. Uliokatwa kwa ajili ya spika ni bora ubadilishwe. Kama wa kiwandani haupatikani, sponji jembamba lisilopitisha maji au nailoni nzito hukatwa kwa kufuata umbo la ule wa zamani, pamoja na matundu ya nyaya na skrubu mahali palepale. Sponji la kawaida la godoro halifai hata kidogo, kwa kuwa hunyonya maji na kuyahifadhi mlangoni.

Kisha mkanda mpya wa butili wa mviringo, unene wa milimita nane hadi kumi, hulazwa kwenye bati kuzunguka matundu yote, ncha zake zikipishana ili pasiwe na pengo. Utando hubandikwa kuanzia juu kwenda chini, na ukingo wa chini huingizwa ndani ya mwanya wa bati. Baadaye hugandamizwa kwa kidole gumba au rola ndogo, sehemu kwa sehemu, hadi butili ionekane imetanuka chini yake. Siku ya baridi, bati na butili hupashwa moto kidogo kwa kikausha nywele ili zishikane. Kila tundu la waya huzungushiwa butili yake. Nyuma ya spika pia hubandikwa ngao, kwa sababu spika zenyewe hupitisha maji kwenye kingo zake.

Silikoni ya dukani isitumike badala ya butili. Aina nyingi zake hutoa harufu ya siki zinapoganda. Harufu hiyo ni ya asidi, nayo hula bati. Isitoshe, silikoni ikishaganda, fundi atakayerudi kwenye mashine ya kioo atalazimika kuurarua utando mzima, na hakuna kitu kingine kitakachonata vizuri mahali ilipokuwa.

Kabla ya kurudisha kava, mpira wa maji hurudi kazini. Maji humwagwa juu ya kioo kwa dakika kadhaa huku mtu akitazama utando kwa tochi. Upande wa abiria unapaswa kubaki mkavu kabisa, na maji yatoke chini ya mlango kwa matundu yake. Mpira unaofunika nyaya kati ya mlango na nguzo nao utazamwe. Ukiwa umechanika, maji hufuata nyaya hadi ndani ya nguzo. Kava lifungwe baada ya jaribio kufaulu, na betri iunganishwe baada ya waya za mfuko wa hewa kurudishwa.

Kubaki kwa maji chini ya kapeti ni madhara makubwa kuliko ule unyevu unaoonekana. Sponji iliyo chini ya kapeti ni nene na hushikilia maji kwa wiki nyingi hata juu ikiwa kavu. Kwa Boxster na 996 hili ni hatari ya pekee, kwa kuwa kompyuta ndogo ya kufuli na ulinzi wa gari imefungwa sakafuni chini ya kiti. Ikiloweshwa, honi huweza kulia yenyewe usiku, ufunguo hukataa kufungua milango, betri huisha bila sababu, na mwishowe gari halikubali kuwaka. Watu hubadilisha betri mara mbili au tatu kabla ya kuinua kapeti. Kwa hiyo viti hutolewa, kapeti huinuliwa na kuanikwa juani, sakafu hukaushwa kwa mashine ya kufyonza maji na feni, na viunganishi vya umeme husafishwa kwa dawa yake. Kapeti irudi tu sakafu ikiwa kavu hadi kwenye pembe.

Kwa MX-5 hatari iko kwenye bati. Vizingiti vyake vina mifereji yake ya kutolea maji, na ikiziba, kutu huanzia ndani ya kizingiti, mahali ambapo macho hayafiki, hadi rangi inapovimba nje. Kizingiti kinapaswa kugongwa kwa kidole kando ya gurudumu la nyuma: sauti nzito, isiyolia, au mabaki ya kutu yanayodondoka, ni ishara kwamba bati lilikuwa likiliwa muda mrefu. Kulichomelea ni kazi ya fundi wa bodi, na hufanywa baada ya uvujaji kukomeshwa.

Baada ya hapo uangalizi ni mdogo. Matundu ya mlango huzibuliwa mwanzoni mwa kila msimu wa mvua, pamoja na mifereji ya paa na ya kioo cha mbele. Raba huoshwa na kupakwa grisi ya silikoni mara mbili kwa mwaka. Kioo kinachoachwa wazi kidogo gari likiwa juani huupunguzia mlango joto linalolegeza butili. Na kila fundi atakayefungua mlango huo tena, kwa sababu yoyote, aombwe kuonyesha utando umerudi mahali pake kabla ya kava kufungwa.